Mji Uliojengwa na Moto: Nyumba za Machiya na Usiku wa Kyoto

Mchana, mtu anayepita mbele ya nyumba ya kale ya Kyoto haoni kitu cha ndani. Uso wa nyumba ni fito nyembamba za mbao zilizosimamishwa karibu karibu, na nyuma yake ni kiza. Aliyeketi ndani ndiye anayemwona mpita njia. Jua likizama mambo hugeuka: taa huwashwa ndani, mwanga hupenya kati ya fito na kulala barabarani mistari mistari, na nyumba iliyojificha mchana kutwa huanza kuonyesha vivuli vya wenyeji wake. Wageni wengi huenda mitaa ya Gion au Sannenzaka baada ya magharibi kwa ajili ya saa hiyo.

Karibu kila kinachowapendeza hapo kina mkono wa moto ndani yake. Moto wa taa ndio uliozipa fito uzuri wake wa usiku, na moto huohuo ukitoroka uliteketeza mji mara kwa mara. Kila ulipoungua, Kyoto ulijengwa upya, na kila ujenzi uliacha alama kwenye nyumba, kwenye barabara na kwenye desturi za majirani. Hata sheria iliyokaribia kuzimaliza nyumba hizi katika karne ya 20 iliandikwa kwa kuogopa moto. Historia hiyo ina zaidi ya miaka 1,200, nayo inaanzia katika mji ambao nyumba za namna hii hazikuwemo kabisa kwenye ramani.

Barabara zisizo na nyuso, 794–1177

Mwaka 794 Kaizari Kanmu alihamishia mji mkuu wa Japani kwenye bonde lililozungukwa na milima pande tatu, akauita Heian-kyo; ndio Kyoto wa leo. Ramani yake iliigwa kutoka Chang'an, mji mkuu wa China wakati wa enzi ya Tang. Barabara zilikatana kwa pembe za mraba juu ya eneo la takriban kilomita 4.5 kutoka mashariki hadi magharibi na kilomita 5.2 kutoka kaskazini hadi kusini. Katikati ilipita barabara ya Suzaku, yenye upana wa zaidi ya mita 80, iliyokusudiwa kuonyesha ukuu wa dola. Pande zake zilizibwa kwa kuta za udongo. Biashara ilifungiwa katika masoko mawili ya serikali, moja mashariki na jingine magharibi. Usiku, mji wa aina hiyo ulikuwa kuta na giza tu.

Mpango huo ulianza kubomoka wenyewe. Upande wa magharibi ulikuwa na ardhi chepechepe na watu wakauhama pole pole. Kufikia mwaka 982 mwandishi Yoshishige no Yasutane alieleza jinsi upande huo ulivyokuwa unageuka mahame, ilhali mashariki watu walikuwa wakibanana. Serikali ilipodhoofika, mkono wake juu ya masoko ulilegea. Wachuuzi na mafundi wakasogea kwenye kingo za zile barabara zilizokuwa pana kupita mahitaji, wakajenga vibanda vyao hapo. Picha ndefu za kukunjua za karne ya 12, zilizochorwa kuonyesha sherehe za mwaka, zinatuwekea sura ya vibanda hivyo: vyumba vidogo vyenye paa la mbao, vimegusana, mlango upande mmoja na dirisha upande wa pili, na watu wamejaa wakitazama maandamano yakipita.

Hapo ndipo mbegu ya machiya ilipopandwa, yaani nyumba inayoipa barabara uso. Matajiri wa Heian waliishi nyuma ya kuta. Wafanyakazi wa mikono na wauzaji waliishi mbele ya macho ya watu, kwa kuwa riziki yao ilipita pale nje.

Gharama ya kuishi kwa kugusana ilijulikana mapema. Usiku mmoja wa mwaka 1177 moto uliosukumwa na upepo mkali ulichoma karibu theluthi moja ya mji. Kamo no Chomei, aliyekuwa kijana wakati huo, aliusimulia miaka mingi baadaye katika kitabu chake Hojoki cha mwaka 1212. Ni miongoni mwa masimulizi ya kale yanayoeleza vizuri zaidi jinsi mji wa mbao unavyoungua.

Mtaa unaotazamana, 1467–1573

Mwaka 1467 ugomvi juu ya nani atamrithi mtawala wa kijeshi, yaani shoguni, Ashikaga Yoshimasa uligeuka kuwa vita vya majeshi mawili, moja la Hosokawa Katsumoto na jingine la Yamana Sozen. Vita hivyo vya Onin vilipiganwa ndani ya mji wenyewe kwa miaka kumi. Viongozi wote wawili walikufa mwaka 1473 na bado mapigano yakaendelea hadi 1477. Vilipokwisha, sehemu kubwa ya mji ilikuwa majivu.

Kilichobaki kilikuwa kama miji miwili midogo: Kamigyo upande wa kaskazini, karibu na jumba la kifalme, na Shimogyo upande wa kusini, ngome ya wafanyabiashara. Kati yake yalikuwapo mashamba, na barabara ya Muromachi ndiyo iliyoiunganisha. Kila upande ulijizungushia boma na handaki. Shoguni hakuwa na nguvu ya kumlinda mtu, kwa hiyo watu walijilinda.

Kutokana na hali hiyo likazaliwa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia yote hii. Katika ramani ya kale, jirani yako alikuwa yule mliyekaa naye ndani ya mraba mmoja wa viwanja. Sasa jirani akawa yule mnayetazamana naye ng'ambo ya barabara. Nyumba za pande mbili za kipande kimoja cha barabara, kutoka njiapanda hadi njiapanda, ziliungana kuwa mtaa mmoja, *cho*, wenye lango kila ncha, wazee wake, mfuko wake na kanuni zake. Barabara ikawa mali ya watu wanaoikabili. Mpaka leo, katikati ya Kyoto, mpaka wa mtaa hupita nyuma ya nyumba, mahali viwanja vinapokutana, na barabara inabaki kuwa uti wa mgongo wa mtaa. Bila kulijua hili ni vigumu kuelewa kwa nini nyumba za pale zinafanana kwa kimo na kwa uso, na kwa nini taa ya mlango wa mtu mmoja ni jambo linalowahusu wenzake.

Mitaa hiyo ndiyo iliyofufua tamasha la Gion mwaka 1500, baada ya kukatizwa na vita kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila mtaa ulijenga gari lake refu la maandamano na kulitunza kwa michango yake, na mingi ingali inafanya hivyo. Lakini kujitawala huko kulikuwa na kikomo. Mwaka 1573 mbabe wa vita Oda Nobunaga, akigombana na shoguni wa mwisho wa ukoo wa Ashikaga, aliichoma Kamigyo.

Hideyoshi anaukata mji, 1590–1603

Toyotomi Hideyoshi, aliyeshika hatamu baada ya Nobunaga, aliutazama mji kwa jicho la mpangaji. Miraba ya kale ilikuwa na upande wa takriban mita 120, na nyumba zilipanga kingo zake tu. Katikati palibaki uwanja usio na njia, wenye visima, vyoo na bustani za mboga. Kuanzia mwaka 1590 aliamuru barabara mpya zikatwe kutoka kaskazini hadi kusini katikati ya miraba hiyo. Mraba ukagawanyika kuwa mistatili miwili, ardhi iliyokuwa imejificha ikapata barabara, na viwanja vipya vikawa vyembamba kwa mbele na virefu kwenda nyuma. Eneo la Shimogyo lililokuwa na magari ya tamasha la Gion kwa sehemu kubwa halikuguswa. Nadhani aliona mitaa ile ilikuwa imeshikamana mno kuweza kupasuliwa.

Mwaka 1591 aliuzungushia mji tuta la udongo lenye urefu wa zaidi ya kilomita 22, lililoitwa Odoi, na mwaka huohuo akawasamehe wakazi kodi ya ardhi. Waongoza watalii husema kwamba nyumba za Kyoto ni nyembamba kwa sababu kodi ilitozwa kwa upana wa mbele. Maelezo hayo ni mepesi kuliko ukweli. Michango ya mtaa kweli ilikadiriwa kwa upana wa nyumba, lakini wembamba ulikuwapo kabla ya hapo. Kila mfanyabiashara alitaka kipande cha barabara, barabara ilikuwa na urefu wake, na ilibidi igawanywe kwa wengi.

Ndani ya kitanda cha mkunga, 1603–1708

Ukoo wa Tokugawa ulipoanzisha serikali yake mwaka 1603, madaraka yalihamia Edo, mji unaoitwa Tokyo leo. Kyoto ulibaki na kaizari, mahekalu na mafundi wake, na katika karne hiyo wakazi wake walizidi 300,000. Picha za skrini za mwanzoni mwa karne ya 17 bado zinaonyesha nyumba zenye mbwembwe, nyingine zikiwa na maghala ya ghorofa tatu. Miongo michache baadaye mbwembwe zimekwisha. Amri za serikali dhidi ya anasa na makubaliano ya mitaa yalizishusha nyumba kwenye kimo kimoja, na nafasi ya kujionyesha ikabaki kwenye kazi ya seremala.

Wenyewe huiita nyumba hii kitanda cha samaki mkunga, kwa wembamba na urefu wake. Mbele ni mita tano au sita. Kwenda nyuma ni mita 20, 30 au zaidi. Unapoingia unakutana na chumba cha duka, kisha vyumba vya kupokea wageni na vya kuishi vimefuatana. Kati yake ni kiua kidogo kisicho na paa, chenye jiwe, jani na taa ya mawe, kinachovuta hewa na kuleta mwanga katika nyumba isiyo na madirisha ya ubavuni. Mwisho kabisa ni ghala lenye kuta nene za udongo zilizopigwa chokaa.

Sambamba na vyumba hivyo, upande mmoja, ni ujia wenye sakafu ya udongo unaotoka mlangoni hadi nyuma. Humo ndimo lilimokuwa jiko, na juu ya mafiga hakuna dari. Macho yanapanda moja kwa moja hadi kwenye maboriti ya paa, meusi kwa moshi wa miaka mingi. Nafasi hiyo ndefu iliachwa wazi ili moshi na joto vipande, na cheche zipoe kabla ya kugusa mbao za juu. Ukutani ilibandikwa hirizi ya karatasi kutoka madhabahu ya Atago, mlima wa kaskazini-magharibi ambako huombwa kinga dhidi ya moto. Desturi hiyo haijafa. Hata mikahawa ya kisasa ya Kyoto hubandika karatasi hiyo jikoni.

Uso wa nyumba nao ulisema mengi kwa aliyejua kuusoma. Fito za duka la nyuzi na vitambaa zilikatwa fupi kwa juu ili mwanga uingie, kwa maana mnunuzi alihitaji kuona rangi kwa usahihi. Fito za muuza mchele na za muuza sake zilikuwa nene, zenye kuhimili mapipa na magunia. Ghorofa ya juu ilikuwa ya kuinamia, na dirisha lake lilikuwa mipasuo ya wima iliyosilibwa kwa udongo. Husemwa kwamba mtu wa kawaida hakutakiwa kumtazama samurai kutoka juu. Pengine ni kweli, ila dirisha lililosilibwa kwa udongo pia haliungui kirahisi kama la mbao. Chini, mbele ya ukuta, palikuwa na ubao wa kukunjua: mchana uliwekwa bidhaa, jioni ulikaliwa na watu wakipunga upepo na kuzungumza na wapita njia, kama tunavyokaa barazani.

Siri kubwa ya ujenzi huu ni vipimo. Jamvi la *tatami* la Kyoto lilikuwa na kipimo kimoja, takriban sentimita 191 kwa 95.5, na chumba kilipangwa kulifuata. Mpangaji aliyehama aliweza kubeba majamvi yake na milango yake ya kuteleza, akavipachika katika nyumba nyingine bila kukata ubao. Mafundi nao walijua urefu wa nguzo na boriti kabla hawajafika kiwanjani. Kwa mji uliokuwa ukiungua kila vizazi vichache, hiyo ilikuwa akiba kubwa kuliko fedha.

Mioto mitatu, 1708–1864

Akiba hiyo ilitumika. Mwaka 1708 moto uliteketeza zaidi ya nyumba 10,000 pamoja na jumba la kifalme. Mwaka 1788 ukaja mbaya kuliko yote. Ulianzia mashariki ya mto Kamo, upepo ukauvusha maji, na kwa muda wa siku mbili ukala karibu mji mzima: nyumba zipatazo 37,000, jumba la kaizari na sehemu ya ndani ya kasri la Nijo.

Wa tatu ulikuwa wa kisiasa. Agosti 1864 wapiganaji wa jimbo la Choshu walishambulia malango ya jumba la kifalme na kurudishwa nyuma na majeshi ya Aizu na Satsuma. Mapigano yalikwisha upesi, moto haukukwisha. Zaidi ya nyumba 27,000 ziliungua. Ndiyo maana machiya nyingi tunazoziona leo katikati ya Kyoto zilijengwa baada ya mwaka huo, ingawa kila mgeni huziona kama za kale sana. Kilicho cha kale ndani yake ni mpangilio, vipimo na kiwanja. Mbao ni za jana.

Usiku kabla ya umeme

Usiku wa mji huu katika enzi za Edo ulikuwa mzito. Taa ya nyumbani ilikuwa kisahani cha mafuta chenye utambi, ndani ya fremu ya mbao iliyovikwa karatasi. Mafuta mazuri yalikamuliwa kutoka mbegu za rapa, mmea wa jamii ya haradali, na masikini walitumia mafuta ya dagaa yenye moshi na harufu. Mishumaa ilikuwa ghali. Aliyetoka usiku alitakiwa kubeba fanusi, ya karatasi iliyokunjwakunjwa juu ya duara za mwanzi, na mara nyingi ilikuwa na jina au nembo ya nyumba yake. Fanusi ilimulika njia, na vilevile ilimtambulisha aliyeibeba kwa mlinzi wa lango.

Kwa maana malango ya mitaa yalifungwa usiku. Mlinzi wa zamu alizunguka akigonganisha vipande viwili vya mbao ngumu na kuwaonya watu wachunge moto. Kishindo chake kikavu kilisikika nyumba hadi nyumba kupitia kuta nyembamba. Katika mitaa kadhaa ya Kyoto zamu hiyo ingali ikifanywa wakati wa majira ya baridi, na ndoo nyekundu za maji huwekwa mbele ya milango.

Mahali palipokesha palikuwa mashariki ya mto. Mahujaji wa madhabahu ya Gion, inayoitwa Yasaka leo, walihitaji pa kupumzika na kunywa chai, na kando ya daraja la Shijo yalikuwapo majumba ya maonyesho ya kabuki. Kingo za mto Kamo zilipoimarishwa kwa mawe mwaka 1670, ardhi mpya ilipatikana na nyumba za chai zikaenea juu yake. Hapo machiya ilibadilika kufuata usiku. Ghorofa ya juu ilinyanyuka kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya karamu, mbele ikatundikwa mapazia ya mianzi, na mlangoni ikaning'inia fanusi yenye nembo ya mtaa.

Uzuri huo uliwagharimu watu. Wengi wa wasichana walioishi nyuma ya mapazia yale waliletwa na wazazi masikini kwa fedha iliyolipwa mapema, na deni hilo liliwafunga kwa miaka. Mwaka 1872 serikali mpya ya kaizari, iliyochukua nafasi ya ukoo wa Tokugawa, ilitoa amri ya kuwaachilia waliofungwa kwa mikataba ya namna hiyo, ila maisha yao hayakugeuka kwa kalamu moja. Anayeandika juu ya taa za Gion bila kuwataja anaacha nusu ya historia gizani.

Maji yanawasha taa, 1868–1933

Moto wa 1864 ulikuwa haujasahaulika kaizari alipohamia Tokyo, miaka mitano baadaye. Kyoto, uliokuwa mji mkuu kwa zaidi ya miaka elfu, ukabaki na mafundi wasio na wateja. Mwitikio wake ulikuwa wa watu waliozoea kujitegemea: mwaka 1869 mitaa yake ilifungua shule 64 za msingi, kabla serikali kuu haijatunga sheria ya elimu.

Kisha likaja wazo la kuleta maji ya ziwa Biwa kupitia milimani. Mhandisi kijana Tanabe Sakuro, aliyekuwa ametoka chuoni tu alipokabidhiwa kazi hiyo, aliuongoza mfereji hadi ukakamilika mwaka 1890. Wakati ujenzi ukiendelea alisafiri hadi Marekani kutazama mitambo ya umeme wa maji, akarudi na kubadili sehemu ya mpango. Mwaka 1891 kituo cha Keage kilianza kuzalisha umeme, cha kwanza nchini Japani kuuza umeme wa maji kwa umma, na mwaka 1895 treni za umeme zikaanza kupita mjini.

Nyumba zilijibu pole pole. Mafuta ya taa yalitangulia, balbu ikafuata. Miiko ya enzi za shoguni ilipokwisha, ghorofa ya juu iliinuka ikawa ya kusimama wima, na vioo vikaingia mahali pa karatasi. Kusini mwa barabara ya Shijo, serikali ilitwaa sehemu ya ardhi ya hekalu la Kenninji, na juu yake ukajengwa upande wa kusini wa Hanamikoji. Kwa hiyo barabara inayopigwa picha kuliko zote Gion, ile inayodhaniwa kuwa ya kale mno, ni mtoto wa enzi ya treni na umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 jiji lilipanua barabara kuu kama Karasuma na Shijo, na pande zake zikaota benki za matofali.

Wapo walioona kinachopotea. Mwaka 1933 mwandishi Tanizaki Jun'ichiro, mzaliwa wa Tokyo aliyehamia eneo la Kyoto na Osaka, alianza kuchapisha insha yake ya kusifu vivuli, In'ei Raisan. Hoja yake ni kwamba vyumba, vyombo na hata rangi za Kijapani zilibuniwa kwa mwanga hafifu, na umeme mkali unaziua. Akiitazama machiya mtu anakubali: fito, karatasi na boriti lenye masizi vinahitaji giza pembeni yake.

Giza la vita, 1943–1945

Giza lilirudi kwa amri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili taa zilifunikwa, na hata mioto ya tarehe 16 Agosti, inayowashwa milimani kuaga roho za wahenga kwa umbo la herufi kubwa, ilisitishwa. Mwaka 1943 watoto wa shule na wakazi waliovaa mashati meupe walipanda mlima asubuhi na kujipanga wakaunda herufi ile kwa miili yao. Kila nikiisoma habari hiyo nashindwa kuendelea upesi.

Kyoto ulikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki. Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, alisisitiza uondolewe. Mabomu ya kawaida yaliyouangukia yalikuwa machache. Nyumba zilizokwisha ziliangushwa na Wajapani wenyewe: mwaka 1944 na 1945 maelfu ya nyumba za mbao yalibomolewa, wenyeji wakipewa siku chache tu, ili pawe na nafasi wazi za kuzuia moto wa mabomu. Barabara pana za Oike, Gojo na Horikawa ni makovu ya ubomoaji huo.

Sheria na bei ya ardhi, 1950–1976

Pigo kubwa zaidi lilikuja kwa amani. Sheria ya Viwango vya Ujenzi ya mwaka 1950 iliandikwa na taifa lililokuwa limeona miji yake ikigeuka makaa kwa mabomu. Katika maeneo ya katikati ya miji ilidai kuta na paa zisizoshika moto, na kujenga machiya mpya kwa njia ya kale kukawa karibu haiwezekani. Ndiyo maana leo jiji huhesabu kuwa machiya nyumba ya mbao ya jadi iliyojengwa kabla ya sheria hiyo. Kwa karne nyingi mji huu uliungua ukajijenga. Sasa kila nyumba iliyoondoka iliondoka moja kwa moja.

Kisha ardhi ikapanda bei. Mwenye nyumba alipofariki, warithi walikuta kodi ya urithi inayolipika kwa kuuza tu. Kiwanja chembamba kikawa maegesho ya magari, viwanja vitatu vikaungana kuwa jengo la ghorofa. Mwaka 1964 mnara wa Kyoto, wenye mita 131, ulisimama mbele ya stesheni kuu huku watu wakibishana vikali.

Upinzani ulikua mitaani. Katika Gion Shinbashi, kando ya kijito cha Shirakawa, wakazi walijipanga kuilinda barabara yao, na mwaka 1975 sheria ya urithi wa utamaduni ilirekebishwa ili mtaa mzima uweze kulindwa. Awali ililinda jengo mojamoja. Mwaka 1976 maeneo saba ya kwanza nchini yalichaguliwa, mawili yakiwa ya Kyoto: Gion Shinbashi na Sannenzaka.

Usiku unaotungiwa kanuni, 2003–2024

Mitaa michache iliyolindwa haikuweza kuubeba mji. Uchunguzi wa jiji uliokamilika karibu mwaka 2010 ulihesabu machiya 47,735. Ule wa mwaka 2016 ulikuta 40,146, na kwa wastani nyumba mbili zilikuwa zikibomolewa kila siku.

Ukarabati nao ulikuwa ukikua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana walikuwa wakifungua mikahawa na nyumba za wageni ndani ya machiya zilizoachwa. Mwaka 2003 njia za vilima vya Higashiyama zilianza kupangwa fanusi usiku wa Machi. Mwaka 2007 jiji lilichukua hatua ambayo miji mingi isingethubutu: kimo cha juu kabisa katikati ya mji kilishushwa kutoka mita 45 hadi 31, na ndani ya mitaa kutoka 31 hadi 15. Mabango ya juu ya paa na taa za matangazo zinazowakawaka yalipigwa marufuku mji mzima, wafanyabiashara wakapewa miaka saba kuyaondoa. Mwanga wa usiku ukawa suala la kanuni za jiji, kama ulivyokuwa suala la kanuni za mtaa zamani za malango na fanusi.

Mwaka 2012 jiji lilitunga kanuni inayoruhusu majengo ya mbao ya kihistoria yasibanwe na baadhi ya masharti ya sheria ya 1950, mradi usalama wake uhakikishwe kwa njia nyingine.

Mafanikio yameleta mzigo wake. Vichochoro vingi vya Gion ni ardhi ya watu binafsi, na wageni waliwafuata *geiko*, wasanii wa kike wa karamu, na *maiko*, wanagenzi wao, wakiwavuta nguo ili wawapige picha. Mwaka 2019 wakazi waliweka mabango ya kukataza kupiga picha humo, na mwaka 2024 baadhi ya vichochoro vikafungwa kwa watalii. Wapo waliolalamika. Mimi naona ni mtaa ule ule wa karne ya 15, unaodai kwamba barabara ni ya wanaoikabili.

Mwezi Julai, usiku wa kuamkia maandamano ya Gion, familia za Shimogyo huondoa fito za mbele na kufungua vyumba ili wapita njia watazame skrini za kale chini ya taa. Desturi hiyo inahitaji familia zinazoishi humo, na kwa kila nyumba inayouzwa kuna mlango mmoja usiofunguliwa tena. Kanuni ya mwaka 2017 inamtaka mwenye machiya iliyoteuliwa kutoa taarifa mwaka mmoja kabla ya kuibomoa. Haimkatazi. Inawapa jiji na wapatanishi wake miezi kumi na miwili ya kumtafuta mtu mwingine atakayekubali kuichukua, kuitengenezea paa na kuishi ndani yake.